Upenyo Chini ya Bati

"Niliacha wazi kwa chini."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia Milimita mahabusu. Aliyasema mwenyewe, bila kupigwa wala kutishwa, akayatia sahihi kubwa yenye mkia, na Mkuu wa Kituo alipoyasoma alicheka mpaka akafuta machozi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mshonaji wa ghorofa ya tatu alikuwa akianua nguo, akaegemea reli ya roshani yake, reli ikang'oka, akaanguka nayo hadi uani na kufa papo hapo. Reli ililiwa na kutu, kutu ililetwa na maji, na aliyepewa kazi ya kuzuia maji kwenye kingo za roshani zile, kama meneja wa jengo alivyowaambia polisi maiti ikiwa bado uani, ni Milimita, fundi bati. Sasa fundi mwenyewe anakiri kwamba aliacha upenyo. Mtu anataka nini tena?

Inspekta alitaka kujua kwa nini mtu anayekiri kosa anakiri kwa majivuno.

Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti ya chini na sifa moja kituoni ambayo wenzake hawakuipenda: akishika jambo haachii. Asubuhi hiyo alimtoa Milimita mahabusu, akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano chenye meza moja na dirisha lisilofunguka. Milimita alikuwa kipande cha mtu, shingo nene, vidole vimejaa makovu ya kukatwa na bati. Jina lenyewe alipachikwa na mafundi wenzake, kwa sababu alikuwa hakati kipande cha bati mpaka amekipima upya na kumtukana aliyekipima kabla yake. Hata pale, akiwa hana mkanda wala kamba za viatu, alikuwa ameitazama meza na kugundua kwamba imepinda.

"Ulisahau kuziba, au ulikusudia?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi sisahau. Nilikusudia."

"Kwa nini?"

"Nilishamweleza bosi wako, akacheka. Mtu akinicheka simwelezi mara ya pili." Aliinama mbele, macho makavu. "Ila nitakuambia hili, dada. Roshani zote za jengo lile nilizifunga bati mimi, na zote niliziacha wazi kwa chini. Kama hilo ni kosa, mbona imeanguka reli moja? Nendeni mkatazame kwanza, ndiyo mje mnifunge."

Inspekta alitafuna ncha ya kalamu yake. Swali lilikuwa la kijeuri, lakini lilikuwa swali. Alipokwenda kwa Mkuu kuomba muda, Mkuu alimtazama kama anayetazama mwanafunzi mtukutu. Alimwambia jioni ile anataka faili mezani, na asubuhi inayofuata fundi anapelekwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia, kisha gerezani kusubiri kesi. Huko watu husubiri mpaka wanasahaulika.

Jengo lilikuwa la ghorofa tano, limepakwa rangi ya maziwa kutoka juu hadi chini, linang'aa kama kikombe kipya. Meneja wa jengo aliwapokea getini, Inspekta na Sajini wake. Alikuwa mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama yenyewe, na kutoka getini hadi kwenye ngazi hakuacha kumvisha Inspekta kilemba cha ukoka: amesikia sifa zake, jeshi lingekuwa na watu kama yeye nchi ingetulia, na kadhalika. Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama tangu Milimita akabidhi kazi kuna mkono mwingine uliogusa yale mabati.

"Hakuna, Afande. Yako vile vile alivyoyaacha yeye. Mimi hata sijui yamefungwaje. Mtu wa ofisini kama mimi, bati nilijulie wapi?"

Inspekta alimwomba arudie polepole ili Sajini aandike vizuri. Meneja akarudia, tena kwa furaha, na Sajini akaandika neno kwa neno.

Sajini alikuwa na mtuhumiwa wake mwingine na walipokuwa wakipanda ngazi alimnong'oneza. Majirani walisikia mshonaji akigombana na mumewe siku ya kuamkia kifo. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa hasira, na kituoni nusura amrukie Milimita kooni. Labda hasira ile ilikuwa ya kuficha kitu. Inspekta hakumkatalia. Katika kazi yao mume ndiye anayeulizwa mwanzo, na mara nyingi ndiye anayejibu mwisho.

Dereva aliwafungulia mlango akiwa na fulana ile ile aliyoivaa kwenye mazishi. Cherehani ilikuwa bado na kitambaa chini ya sindano, shati la mtoto lisilo na mkono mmoja. Inspekta hakuzunguka, alimuuliza waligombania nini.

"Reli," alisema dereva.

Sajini aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Aliniambia reli inacheza, anataka tuhame. Nikamwambia asubiri, nina safari. Yeye alishamwita meneja mwenyewe. Meneja akaja na kopo, akapiga magoti pale, akapaka puti kwenye mguu wa reli, akapaka na rangi juu. Akamwambia sasa hata ndovu aegemee." Dereva alikaa kwenye kiti cha cherehani, kisha akasimama haraka, kana kwamba amekalia kiti cha mtu. "Na mimi nikamwambia, umeona? Imekwisha hiyo. Acha maneno."

Alipata habari za kifo akiwa kwenye mizani ya malori, mbali sana, na waliokuwa naye pale Sajini alikuwa ameshazungumza nao. Sajini alifunga daftari, akajipangusa uso. Mtuhumiwa wake alikuwa amemponyoka, na alionekana kushukuru.

Inspekta alikuwa ameshika jambo jingine. Mtu wa ofisini, asiyejua bati, amepiga magoti na kopo la puti.

Kwenye roshani polisi walikuwa wamefunga utepe mahali reli ilipokuwa. Kilibaki kipande kifupi cha reli upande wa ukuta, na mashimo ya miguu iliyong'oka ukingoni mwa zege. Inspekta aliingiza kidole katika shimo moja, akatoa vipande vya kutu vilivyomeguka kama maganda ya mkate uliokauka, na kati yake vipande vya puti nyeupe. Reli haikuvunjika, ilioza. Kisha akalala kifudifudi juu ya vigae, akatoa kioo chake cha kujipodolea, na kumwambia Sajini amshike vifundo vya miguu.

"Afande, nikiachia hapa napandishwa cheo," alisema Sajini, lakini alishika kwa nguvu.

Inspekta alinyoosha mkono nje, akakielekeza kioo chini ya ukingo. Bati lilitokea chini ya vigae, likakunjwa kushuka mbele ya zege kama mdomo wa birika, na ncha yake ya chini ilisimama mbali kidogo na zege. Hapo, kati ya bati na zege, ndipo Milimita alipodai ameacha wazi.

Hapakuwa wazi. Palikuwa pamezibwa kabisa, laini, pakapakwa rangi ya maziwa.

Aliegesha kioo, akachomoa kisu chake, na kukata kipande cha kile kizibo. Alipoketi na kukigeuza mwangani, alimwonyesha Sajini. Juu kulikuwa na rangi. Chini ya rangi kulikuwa na silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia nyufa. Na upande wa nyuma, ule ulioshikana na bati, silikoni ilikuwa imenasa michirizi ya uchafu mweusi, alama za maji yaliyokuwa yakipita pale kwa misimu mingi ya mvua.

"Maji hayachirizi mahali palipozibwa," alisema Inspekta. "Kwa hiyo palikuwa wazi, tena kwa muda mrefu. Halafu mtu akaja akaziba, kisha rangi ikafuata."

"Yaani Milimita anasema kweli." Sajini alikuna kichwa. "Lakini Afande, kuziba si ndiyo vizuri? Tundu limezibwa, sasa hayo maji yaliingilia wapi?"

Swali hilo lilimkera Inspekta. Walikagua roshani nyingine za ghorofa ile na ya chini yake, kila mwenye nyumba akilalamika kuhusu vigae vinavyolia na harufu ya unyevu. Zote zilikuwa zimezibwa. Katika mbili kati ya hizo, ukitingisha reli, ilikuwa ikijibu. Inspekta aliamuru zifungwe utepe na watu wasitoke nje. Kisha akashuka uani, akasimama katikati ya magari yaliyoegeshwa, na kuinua macho.

Kingo zote zilikuwa laini na za rangi ya maziwa, isipokuwa moja. Kwenye kona ya ghorofa ya nne kulikuwa na roshani ya rangi ya kijivu iliyofifia, imejaa vyungu vya maua, na ukingo wake ulikuwa na michirizi myeusi kama masharubu.

Aliyekaa pale waliambiwa ni nesi mstaafu, na jengo zima lilimwita Bi Kizingiti, kwa kuwa alizungumza na kila mtu akiwa amesimama mlangoni na hakuna aliyewahi kupita. Alifungua mlango kwa upana wa mnyororo, akatazama kitambulisho cha Inspekta mbele na nyuma, kisha akasema polisi hana shida naye, ila viatu vina shida na sakafu yake. Inspekta akavua. Sajini naye akavua, soksi moja ikaonyesha kidole gumba, na bibi akamtazama kwa huruma ya kikazi.

Habari ya rangi aliieleza kwa ufupi. Wapaka rangi walikuja wakamwambia ahamishe vyungu vyake. Akawaambia wahame wao. Akaja meneja, akamwambia anaharibu sura ya jengo. Akamwambia sura yake mwenyewe haijamshinda, ya jengo itamshinda nini. Ndipo akaletewa notisi ya kuhama, na kila mwezi huletewa nyingine, naye huzifungia mbegu.

"Wenzangu walinisema sana," alisema. "Eti mkaidi, eti nalitia doa jengo. Haya."

Inspekta alilala tena kifudifudi na kioo chake. Hapa upenyo ulikuwepo, wazi, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Reli alipoitingisha haikusogea hata kidogo. Alikaa kitako kati ya vyungu akitazama vigae, kisha akaomba ndoo ya maji.

Sajini alishuka uani kusimama chini ya ukingo. Inspekta akaziba tundu la kutolea maji kwa tambara, akamwaga ndoo taratibu, na kusubiri. Maji yalituama, yakatafuta njia katikati ya viungo vya vigae, yakaanza kupungua. Simu ikalia.

"Yanatoka, Afande," alisema Sajini. "Tone tone, mstari mzima, kupitia kule kwenye upenyo. Nimelowa."

Wakarudia ghorofa ya tatu, kwa mshonaji. Dereva mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo. Maji yalituama vile vile, yakapungua vile vile. Sajini kule chini akasema hakuna kitu, pakavu. Inspekta akasubiri akiwa amechuchumaa, dereva nyuma yake. Na hatimaye, kwenye mguu wa kipande cha reli kilichobaki upande wa ukuta, maji yakaanza kujipenyeza juu, ya rangi ya chai ya rangi, yamebeba chembe za kutu.

Dereva aliyatazama. Kisha akayagusa kwa kidole.

Bi Kizingiti alikuwa amewafuata, jambo ambalo majirani walitoka milangoni kulishuhudia. Alitazama ile chai akatikisa kichwa. "Jipu hilo," alisema. "Ukilishona juu bila kuacha pa kutokea usaha, mgonjwa umemuua. Tulifundishwa siku ya kwanza."

Sasa Inspekta alielewa, na akajisikia vibaya kwamba ilimchukua muda. Chini ya vigae maji huingia hata ufanye nini. Bati halikuwekwa ili yasiingie, liliwekwa ili yakiingia yaongozwe mpaka nje, na ule upenyo ndio mlango wao. Aliyeufunga mlango aliyafungia maji ndani pamoja na miguu ya reli, mvua baada ya mvua. Milimita alikuwa amesema sentensi ya fundi, na kituo kizima kikaisikia kama sentensi ya mhalifu.

Alimpigia Mkuu. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, na upande wa pili akasikia kijiko kikikoroga kikombe.

"Hiyo silikoni anaweza kuwa aliiweka Milimita mwenyewe," alisema Mkuu. "Mimi nimekutuma ulete faili, wewe unaniletea ndoo. Mwenye jengo anapiga simu kila saa. Lete faili, Inspekta."

"Sileti, Mkuu."

Kijiko kikanyamaza. "Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimesema Mkuu."

Alikata simu. Neno la Mkuu lilikuwa la kukera lakini halikuwa la kijinga: nani aliziba? Wapaka rangi walikuwa wa kutembea, hakuna aliyejua walikotoka wala walikokwenda. Meneja angekana mpaka kesho. Inspekta alisimama ngazini, akafikiri, kisha akamtafuta meneja ofisini kwake na kumwambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba wao wanaondoka. Wamekagua huku na huku, hawakuambulia kitu. Kesho atarudi na injinia kuiangalia roshani ya Bi Kizingiti, basi.

"Ya Bi Kizingiti ya nini?" meneja aliuliza.

"Haijapakwa rangi. Injinia anapenda kuona zege lenyewe."

Hakutaja bati, upenyo wala silikoni. Sajini akaondoka na gari, akipiga honi getini kama anayekwenda harusini, na Inspekta akapanda kwa ngazi ya nyuma.

Kazi ngumu ikawa kumshawishi Bi Kizingiti. Kumficha polisi jikoni hakuona taabu. Tatizo lilikuwa kumfungulia meneja.

"Binti, huyu mtu nimemzuia mlangoni tangu aajiriwe. Leo unataka nimkaribishe?"

"Leo tu, bibi. Hatarudi tena."

Bibi alifikiri. "Viatu atavua," alisema, na hilo halikuwa la kujadiliwa.

Meneja alikuja jua likiwa bado liko juu, amebeba mfuko wa dukani. Kutoka jikoni, nyuma ya mlango ulioachwa nafasi ndogo, Inspekta alimsikia akibembeleza. Amekuja kurekebisha kasoro ndogo tu pale nje, kwa faida ya bibi mwenyewe, na baada ya hapo ile habari ya notisi waizike. Bi Kizingiti alijibu neno moja, viatu. Meneja akavua, akapita sebuleni kwa soksi zake nzuri, akaenda moja kwa moja hadi ukingoni. Hakutazama ukuta wala vigae. Alisogeza chungu kimoja, akalala kifudifudi juu ya shati lile lililopigwa pasi, akanyoosha mikono yote miwili chini ya ukingo. Ikaanza kusikika sauti ya bunduki ya silikoni, kri, kri, kri.

Mikono ilikuwa imezoea. Inspekta alimwacha afike katikati, ili ushahidi uwe na mwanzo na mwisho, kisha akatoka.

"Unaziba nini, meneja?"

Meneja aligonga kichwa kwenye reli, na reli ile nzima haikutingishika. Aligeuka akakaa, bunduki ya silikoni mkononi ikidondosha tone jeupe kwenye suruali yake.

"Afande. Mimi... huu upenyo. Ule alioukiri fundi. Nimeona nimsaidie bibi."

"Roshani za jengo hili ni nyingi. Mbona umekuja kwenye hii?"

"Kwa sababu hii ndiyo iko wazi."

"Asubuhi uliniambia hakuna mkono uliogusa mabati. Yako vile vile fundi alivyoyaacha. Sajini ameandika, na ulirudia mara mbili." Inspekta alichuchumaa wakatazamana uso kwa uso. "Fundi anasema aliacha wazi zote. Kama hakuna aliyegusa, zote zingekuwa wazi kama hii. Wewe umezipita roshani zote za jengo hili, ukaja kwenye moja tu ambayo haikuzibwa. Ulijuaje kwamba nyingine zimezibwa?"

Meneja alifungua mdomo. Alimtazama Bi Kizingiti, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa roshani kwa namna ambayo hakuna mtu angepita, akaufunga. Alipoufungua tena, maneno yalitoka kwa mkupuo. Matone yalikuwa yanachafua rangi mpya. Yalikuwa yanadondokea magari ya watu, na gari lake mwenyewe likiwemo. Mwenye jengo alitaka jengo safi, wapangaji walitaka jengo safi, kila mtu alilalamika. Akaona tundu, akaziba tundu, roshani moja baada ya nyingine, mbele ya wapaka rangi. Alidhani anasaidia.

Inspekta alimwamini mpaka hapo. Mtu yeyote angefanya vile, hata Sajini alidhani ni vizuri.

"Na reli ilipoanza kucheza?"

Meneja alipangusa lile tone la silikoni kwenye suruali yake, likazidi kuenea.

"Mshonaji alikuita. Ulipiga magoti ukaiona kutu kwa macho yako. Ukafanya nini?"

"Nilidhani puti itashika," alisema meneja kwa sauti ndogo.

"Hukudhani. Ungedhani, usingemtupia fundi lawama hata kabla maiti haijaondolewa. Na usingekuja hapa leo kuifananisha hii na nyingine kabla injinia hajaiona."

Bi Kizingiti alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Vaa viatu vyako," alimwambia meneja, "uende na huyu binti."

Kituoni Mkuu aliyasoma maelezo akiwa amesimama, kisha akakaa. Alikitazama kipande cha silikoni kwenye mfuko wa plastiki, rangi upande mmoja, michirizi upande wa pili. Hakuomba radhi, cheo chake hakikuwa na mfuko wa kuwekea radhi. Aliagiza tu meneja aandikishwe maelezo, mwenye jengo aitwe, na fundi aletwe.

Kwenye korido dereva wa lori alikuwa ameketi kwenye benchi. Milimita alipopitishwa, dereva alisimama, na Sajini akajiweka kati haraka. Lakini safari hii mikono ya dereva ilikuwa imeshuka.

"Pangebaki wazi kama ulivyoacha," alimuuliza, "mke wangu angekuwepo?"

Milimita aliinamisha kichwa. Alitazama viatu vyake visivyo na kamba. "Angekuwepo, kaka," alisema.

Dereva alikubali kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akarudi kukaa. Inspekta alisimama karibu yake kwa muda kabla ya kuingia ofisini, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

Ndani, Mkuu alikuwa ameshachangamka. Alikuwa na karatasi mpya mezani na alizungumza kwa upole, akimpaka Milimita mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilichobaki ni kidogo sana. Yale maelezo ya kwanza yanaleta utata, wakubwa wakiyasoma watauliza kwa nini mtu aliyekiri ameachiwa. Basi waandike mapya: kwamba fundi alifunga bati vizuri, akakabidhi kazi salama. Ile habari ya kuacha wazi waitoe. Aweke sahihi, apewe mkanda wake, aende akalale kwake.

Milimita alisoma karatasi, akairudisha mezani, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Andika vile vile nilivyosema."

"Bwana wewe, hayo maneno ndiyo yaliyokuingiza ndani."

"Basi hayo hayo yanitoe." Sauti ya Milimita ilipanda, kisha akaishusha mwenyewe. "Nikitia sahihi hiyo, kesho meneja mwingine wa jengo jingine ataziba, na fundi mwingine atakamatwa. Niliacha wazi. Mkinipa jengo lingine nitaacha wazi. Kama hamwandiki, nirudisheni ndani."

Na akakaa kwenye kiti, mikono amekunja, kama mtu anayesubiri kinyozi.

Mkuu alimgeukia Inspekta kutafuta msaada. Inspekta alivuta kiti, akachukua karatasi safi, akaandika kwa herufi kubwa zisizo na haraka, akaisukuma mbele ya fundi. Milimita aliipitia, akatia sahihi ile ile kubwa yenye mkia, na Inspekta akatia yake chini. Kisha akampa Mkuu.

Mkuu aliishika karatasi mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti.

"Niliacha wazi kwa chini, ili maji yatoke."

Safari hii hakucheka.